Barua Kwenda kwenye Anwani ya Zamani: Jinsi ya Kutafuta Kosa Madaftari Mawili Yasipopatana

Wengi wetu tunadhani habari za barua pepe na kompyuta ni kazi ya makarani wa ofisini, na kwamba hazimhusu mtu anayefunga maboksi kiwandani au anayechuma chai shambani. Zamani ilikuwa hivyo. Siku hizi waajiri wengi huleta hati ya mshahara, tangazo la zamu, na hata barua ya kumwita mfanyakazi kujibu mashtaka, kwa njia ya barua pepe. Barua hiyo ikipotea, hasara ni ya mfanyakazi.

Tutaeleza kwanza yaliyotupata sisi wenyewe hapa Mbarara, kisha sababu zake, na mwisho maswali ambayo kila tawi laweza kuuliza bila kuwa na fundi. Wengi wetu tuliishia shule ya msingi, na mambo haya tumejifunza kwa kuumia. Ukiyafuata polepole utayaelewa.

YALIYOTUPATA

Katika kiwanda kimoja cha Mbarara tunaye mjumbe wa tawi, mama mmoja kutoka Kongo ambaye watoto wake wanakaa katika makazi ya Nakivale. Siku za kazi hulala katika chumba alichopanga mjini, na mwisho wa juma hurudi Isingiro kwa familia yake. Makao makuu ya chama yalimpa anwani ya barua pepe, kama yanavyowapa wajumbe wote, ili uongozi wa kiwanda umwandikie kila panapotokea shauri la mfanyakazi. Lakini aliyeandika jina lake aliliandika vibaya. Aliweka herufi L mahali pa R. Mama akalalamika, na chama kikamfungulia anwani mpya yenye jina lake sahihi. Akaanza kuitumia, nasi tukadhani yamekwisha.

Baada ya wiki chache kijana mmoja wa idara ya kufunga bidhaa alishtakiwa kwamba aliacha mashine bila ruhusa. Siku ya Jumanne uongozi ukamwandikia mjumbe barua pepe, kwamba shauri litasikilizwa Ijumaa. Ijumaa ikafika, mjumbe hakutokea. Kijana akasimama peke yake mbele ya watu watatu, akajibu kwa Kiingereza asichokijua vizuri, na kufika jioni alikuwa amefukuzwa kazi.

Ndugu, Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema wazi kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa sababu ya mwenendo au utendaji mbaya, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoweza kuielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe pembeni yake. Haki hiyo ilipotea kwa sababu ya herufi moja.

Tulikwenda kiwandani tukiwa na moto. Mjumbe alikuwa ametuambia, "Katibu, mimi sikupata hata neno moja." Uongozi ukasema barua imetumwa na imefika. Tuliona wanatudanganya, na baadhi ya wenzetu walikwisha anza kusema tuweke chini zana. Ndipo fundi wa kompyuta wa kiwanda aliposema, "Mzee, kaa hapa uone mwenyewe." Akatufungulia kumbukumbu ya barua zilizotoka. Barua ilikuwa imetoka kweli Jumanne asubuhi, ikaenda kwenye anwani ya zamani, na kompyuta ya chama chetu wenyewe ikaipokea.

Tukamwuliza kwa nini hakusahihisha anwani. Akasema mama alikwisha mwarifu, naye alisahihisha kwa mkono mara mbili, lakini kila kulipokucha alikuta anwani ya zamani imerudi mahali pake. Alikuwa kama mtu afagiaye uwanja chini ya mti unaopukutika.

Tuseme ukweli mbele ya wanachama: mti ule ulikuwa wetu.

MADAFTARI MAWILI NA KARANI WA USIKU

Anwani ya barua pepe ina sehemu mbili, na katikati yake kuna alama ya @. Upande wa kushoto ni jina la mtu, na upande wa kulia ni jina la ofisi yenye sanduku lake. Mpango huu ulianza mwaka 1971, Mmarekani Ray Tomlinson alipochagua alama hiyo kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta. Kanuni za kompyuta moja kukabidhi barua kwa kompyuta nyingine, ziitwazo SMTP, zilitolewa mwaka 1982, na mpaka leo barua husafiri kwa kanuni hizo zikiwa zimerekebishwa.

Lakini kanuni za kusafirisha barua hazijui kama mtu amehama. Zenyewe hupeleka pale palipoandikwa. Kazi ya kujua nani yuko wapi ni ya daftari la anwani. Ofisi kubwa huwa na daftari lake ndani ya kompyuta, lenye jina la kila mtu, cheo chake, simu yake na anwani yake. Kanuni za madaftari ya namna hii, ziitwazo X.500, zilitoka mwaka 1988, na mwaka 1993 ikatoka njia nyepesi zaidi iitwayo LDAP, ambayo bado inatumika.

Sasa, ofisi mbili zinazoandikiana kila siku huona taabu kuandika upya majina ya wenzao kila mtu anapobadilika. Kwa hiyo hukubaliana kwamba programu itakuwa ikisoma daftari la upande mmoja na kunakili mabadiliko upande wa pili. Kazi hiyo ndiyo kulinganisha madaftari. Mfikirie karani anayekuja usiku wakati ofisi zimefungwa. Anafungua daftari la chama, anaona kilichobadilika, anakwenda kiwandani na kuandika vivyo hivyo katika daftari la kiwanda. Karani huyu halali wala haugui, lakini hafikiri hata kidogo. Anafanya alivyoagizwa, hata kama agizo ni la kipumbavu.

Kati ya chama chetu na kiwanda kile mpango ulikuwa huo: daftari la wajumbe lilitoka makao makuu, kiwanda kilipokea.

SABABU SABA ZINAZOFANYA ANWANI MPYA ISIFIKE

Tulipokaa na fundi wa kiwanda na karani wetu wa makao makuu, tulijifunza kwamba sababu si nyingi. Tukiziorodhesha ni saba, nasi tulikuwa na zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

Ya kwanza ni kutojua nani mwenye neno la mwisho. Mahali penye madaftari mawili lazima moja liwe mama na jingine mtoto. Ukisahihisha mtoto, karani wa usiku atamfuata mama na kufuta kazi yako. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpata fundi wa kiwanda. Alisahihisha kwa nia njema mahali pasipo na nguvu. Kama anwani inarudi ilivyokuwa baada ya saa chache au baada ya usiku mmoja, usisahihishe mara ya tatu. Uliza daftari mama liko wapi, ukasahihishe huko.

Ya pili ni anwani kuu na anwani za ziada. Mtu mmoja aweza kuwa na anwani kadhaa, lakini moja tu ndiyo kuu, ile inayoonekana kwa wengine. Karani wetu alipopata anwani mpya ya mama, aliiandika katika safu ya anwani za ziada, na katika safu ya anwani kuu akaacha ile yenye kosa. Karani wa usiku alikuwa ameagizwa kusoma safu kuu peke yake. Kwa hiyo kila usiku alisoma kosa na kulipeleka. Mafundi wanaotumia Exchange ya kampuni ya Microsoft watakuonyesha jambo la ajabu: katika orodha ya anwani za mtu, ile kuu hutanguliwa na neno SMTP kwa herufi kubwa, na zile za ziada kwa herufi ndogo, smtp. Mtu asiyejua ataona orodha ina anwani zote mbili na kusema mambo ni sawa, kumbe kubwa na ndogo zimebadilishana nafasi.

Ya tatu ni jinsi mtu anavyotambuliwa. Karani wa usiku akikuta mstari wa mtu katika daftari la chama, lazima atafute mstari wa mtu yule yule kiwandani. Atamjuaje? Ikiwa ameagizwa kumjua kwa anwani yake, basi siku anwani inapobadilika atamwona kama mgeni. Ataandika mstari mpya na kuuacha ule wa zamani, na daftari litakuwa na mama wawili wenye jina linalofanana. Anayeandika barua atachagua yeyote. Dawa yake ni kumtambua mtu kwa kitu kisichobadilika, kama namba ya uanachama. Jina hubadilika mtu akiolewa au likisahihishwa. Anwani, simu na kituo cha kazi vyote hubadilika.

Ndugu zetu wa Nakivale wanalielewa jambo hili kuliko watu wengi. Makazi yale yamepokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, na leo wapo humo watu wa Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko, ambao majina yao huandikwa namna moja na karani huyu na namna nyingine na karani yule. Mwaka 2018 Serikali ya Uganda, yaani Ofisi ya Waziri Mkuu, pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi UNHCR, walihakiki wakimbizi wa nchi nzima. Kazi ilianza Machi katika makazi ya Oruchinga, jirani na Nakivale humo humo Isingiro, na ikaisha Oktoba. Hesabu iliyokuwa ikitumika kabla ya hapo ilikuwa kama watu milioni 1.4, waliohakikiwa walikuwa karibu milioni 1.1. Mwanzoni Serikali ilikuwa na mtambo wake wa kumbukumbu na UNHCR lilikuwa na wake. Katika uhakiki ule watu walitambuliwa kwa alama za vidole na mboni za macho, maana hizo hazibadiliki hata karani akikosea jina. Sisi katika chama hatuhitaji macho wala vidole vya mtu, lakini fundisho ni lile lile: shika kitu kisichobadilika.

Ya nne ni anwani moja kutumiwa na watu wawili. Hili tumeliona sana kwa wale wasio na simu nzuri. Mtu anakwenda kwenye kibanda cha simu, mwenye kibanda anamfungulia anwani, au anampa ya ndugu yake. Mume na mke wanatumia moja. Lakini daftari nyingi zimefungwa zisikubali anwani moja iandikwe kwa watu wawili. Ikitokea hivyo, karani wa usiku hukataa badiliko hilo, huandika hitilafu katika kumbukumbu yake na kuendelea na wengine. Asiposomwa, hakuna ajuaye. Tena kuna hatari nyingine: ikiwa mwenye kibanda ndiye anayejua neno la siri, barua za shauri lako zi mikononi mwake.

Ya tano ni safu tupu. Programu nyingine zimeagizwa kutopokea mstari wowote usiojaa. Zikidai namba ya kitambulisho cha taifa, mkimbizi hana namba hiyo. Ana kitambulisho cha mkimbizi. Zikiagizwa kuchukua wafanyakazi wa kudumu tu, kibarua wa msimu katika shamba la chai anaachwa nje. Hapo kosa haliko katika anwani kabisa. Mtu mwenyewe hakuvuka mlango. Dalili yake ni kwamba mabadiliko ya wenzake yamefika na yake hayajafika hata moja, wala ya simu wala ya cheo.

Ya sita ni nakala za zamani. Hata daftari la kiwanda liliposahihishwa barabara, katibu wa meneja alituma barua na ikaenda tena kule kule kwa zamani. Tulishangaa. Fundi akaeleza kwamba programu ya Outlook aliyokuwa akitumia katibu huyo huchukua nakala ya daftari na kuiweka ndani ya kompyuta, na kwa kawaida huichukua upya mara moja kwa siku. Zaidi ya hayo, ukianza kuandika jina la mtu, yenyewe hukumbuka anwani uliyoitumia mara ya mwisho na kukuwekea. Katibu alikuwa akibonyeza jina bila kutazama. Ilibidi kulifuta jina lile katika kumbukumbu ya mashine yake. Jambo hili latufundisha pia kuwa na subira kidogo: mtambo wa Microsoft wa kulinganisha daftari la ofisi na lile la kwenye intaneti, usipoagizwa vingine, hufanya kazi kila baada ya dakika 30, ukijumlisha na nakala ya Outlook, badiliko la asubuhi laweza kuonekana kwa mtu wa mwisho kesho yake. Lakini likipita siku mbili bila kuonekana, hilo ni kosa.

Ya saba ndiyo iliyotuumiza kuliko zote: sanduku la zamani lililoachwa wazi. Chama kilipofungua sanduku jipya la mama, hakuna aliyelifunga lile la zamani wala aliyeagiza barua zake zipelekwe kwenye jipya. Lingefungwa, barua ya kiwanda ingerudishwa kwa aliyeituma na kumwambia hakuna mtu wa jina hilo, naye angepiga simu. Lingeagizwa kupeleka mbele, mama angeipata siku ile ile. Kwa kuwa liliachwa wazi bila mwenyewe, lilipokea kila kitu kimya kimya. Tulipolifungua tulikuta barua ya shauri la kijana imelala humo, na nyingine kadhaa za kiwanda ambazo hakuna aliyejua kuwa zimetumwa.

MASWALI YA KUULIZA KWA UTARATIBU

Mtu akija tawini na kusema "Sipati barua", tusikimbilie kumlaumu mwajiri wala kumlaumu mwenzetu. Tuulize haya, moja baada ya jingine, na majibu tuyaandike pamoja na tarehe.

1. Barua ilitumwa kwenye anwani gani hasa? Usikubali jibu la "kwake". Omba uonyeshwe anwani herufi kwa herufi katika barua iliyotumwa. Linganisha na ile anayoitumia mwenzetu. Nukta moja au herufi moja yatosha kupotosha.

2. Barua ilirudishwa au haikurudishwa? Iliyorudishwa huja na maneno ya sababu, yahifadhi. Isiyorudishwa ilipokelewa mahali fulani. Tafuta sanduku hilo ni la nani, na pia mwambie mwenzetu atazame katika folda ya barua taka.

3. Katika daftari la aliyetuma, mtu huyu ana mstari mmoja au miwili? Ikiwa ni miwili, kosa ni la kumtambua mtu.

4. Mstari huo uliandikwa kwa mkono au uliletwa na programu? Ukiletwa, umeletwa kutoka daftari gani?

5. Katika daftari mama, anwani mpya imo katika safu kuu au katika safu ya ziada?

6. Karani wa usiku alifanya kazi lini mara ya mwisho, na kumbukumbu yake ina hitilafu yoyote yenye jina au namba ya mtu huyu? Programu nyingi huchukua mabadiliko mapya tu. Ikiwa umeme ulikatika katikati ya kazi usiku ule, yafaa kumwomba fundi alinganishe daftari zima upya, tangu mwanzo mpaka mwisho.

7. Baada ya kusahihisha, tuma barua ya majaribio kutoka kwenye kompyuta ile ile iliyokosea, na mwenzetu aijibu. Rudia baada ya siku mbili. Bila jibu, shauri bado halijaisha.

Utaratibu huu una maana. Ukianza na swali la tano kabla ya la kwanza waweza kusahihisha daftari siku nzima, kumbe katibu alikuwa akibonyeza jina lililokumbukwa na mashine. Na ukisahihisha vitu vitatu kwa mara moja, hutajua kipi kilikuwa kosa, na mwezi ujao litarudi.

MAMBO YA KUTIA KATIKA MAPATANO NA MWAJIRI

Baada ya yaliyotupata, tuliketi na uongozi wa kiwanda tukaandika ukurasa mmoja wa mapatano. Tunayashauri matawi mengine, ya viwanda na ya mashamba, yafanye vivyo hivyo.

Kwanza, iandikwe kwamba daftari la wajumbe ni la chama, na chama ndicho chenye neno la mwisho juu yake. Daftari la wafanyakazi ni la mwajiri. Kila upande usahihishe la kwake na kuuarifu mwingine.

Pili, kila mtu atambuliwe kwa namba, si kwa jina wala kwa anwani.

Tatu, anwani ikibadilika, ya zamani iendelee kupeleka barua kwenye mpya kwa miezi sita, kisha ifungwe kabisa.

Nne, barua ya shauri la nidhamu isihesabiwe kuwa imefika mpaka mjumbe ajibu kwamba ameipata. Asipojibu kwa siku moja, apigiwe simu, na nakala ya karatasi apewe mkononi. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kompyuta ikisema "imepokelewa", maana yake ni kwamba mashine imepokea. Mtu ni jambo jingine.

Tano, yaandikwe mambo yatakayopita kati ya madaftari, na yasizidi hayo. Kwa wajumbe yatosha jina, namba, kituo cha kazi, simu na anwani. Orodha nzima ya wanachama isipite kwa njia hii. Makato ya ada yana hati zake ambazo mwanachama ametia sahihi. Tena kwa wenzetu wakimbizi, habari za walikotoka, za familia zao na namba zao za makazi hazina kazi yoyote katika daftari la barua, na zikiangukia mikono mibaya zaweza kumdhuru mtu. Karani akiuliza habari hizo ili "kujaza safu", mjumbe akatae kwa upole na aulize ni za kazi gani.

HAKI ZETU KATIKA JAMBO HILI

Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Kwa sheria hiyo mtu anayo haki ya kujua habari zake zinazowekwa na ofisi yoyote, na kutaka zisahihishwe zikiwa na kosa. Kwa hiyo mfanyakazi anaposema "anwani yangu mliyo nayo si sahihi" anadai haki yake, na yafaa aandike ombi hilo kwa karatasi na kubaki na nakala.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi anayetambuliwa haki ya kufanya kazi ya kujipatia riziki, na haki ya kujiunga na vyama vya wafanyakazi. Basi mtu asidanganywe kwamba mkimbizi hawezi kuwa mwanachama.

Na kuna jambo la muda. Mfanyakazi aliyefukuzwa isivyo haki anatakiwa kupeleka malalamiko kwa ofisa wa kazi ndani ya miezi mitatu tangu siku ya kufukuzwa. Muda waweza kuongezwa kwa sababu ya haki, lakini usiutegemee. Wakati mnatafuta kosa la kompyuta, saa inaendelea kuhesabu. Pelekeni malalamiko kwanza, kisha endeleeni kutafuta.

Sisi tulifanya hivyo kwa kijana wa idara ya kufunga bidhaa. Malalamiko yake yalifika kwa ofisa wa kazi mapema, na pamoja nayo tuliambatisha karatasi za fundi zinazoonyesha barua ilikokwenda. Hatukuficha kwamba sanduku lile lilikuwa la chama. Baadhi ya wenzetu waliona tunajitia aibu. Lakini karatasi zile zile zilionyesha kuwa kijana hakupata mtu wa kusimama naye, na hilo ndilo lililokuwa shauri lake. Uongozi ulikubali kusikiliza upya. Safari hii mjumbe alikuwapo, maelezo yalitolewa kwa Kiswahili, na ikajulikana kwamba kijana aliondoka kwenye mashine kumsaidia mwenzake aliyeumia kidole. Alipewa onyo la maandishi na akarudi kazini. Mshahara wa wiki alizokaa nyumbani bado tunaudai.

Makao makuu nayo yamepitia mistari ya wajumbe wote. Tulikuta wengine ambao anwani zao mpya zilikuwa zimewekwa katika safu ya ziada, kama ya mama. Zote zimesahihishwa, na masanduku ya zamani yanapeleka barua mbele.

Ndugu wafanyakazi, kazi iliyobaki ni ya matawi. Katika mkutano ujao kila mjumbe aje na simu yake na namba yake ya uanachama. Katibu wa tawi asome anwani iliyomo daftarini kwa sauti, herufi kwa herufi, na mwenyewe aseme kama ndiyo. Wasio na anwani yao binafsi wasaidiwe kuifungua hapo hapo, na neno la siri walijue wao peke yao. Wanaotoka Nakivale na wasioweza kufika siku za kazi watengewe Jumapili. Majibu yaletwe makao makuu kwa karatasi, yakiwa na sahihi ya katibu, kabla ya mwisho wa mwezi.

Umoja ni nguvu.